Watakusevu kwa jina gani?

Swali: "Shikamoo mama. Niko mwaka wa tatu, nasomea filamu na televisheni hapa Dar es Salaam. Nilikuja chuo nikitaka kuwa mwongozaji, na bado nataka. Lakini wikiendi nahariri video za harusi, ndizo zinazonilipia chumba, na mhadhiri wetu wa sauti anasema nina sikio. Baba ananiuliza nikimaliza nitakuwa nani na sina jibu. Nishike kipi: kuongoza, kuhariri au sauti? Nikasome kwanza shahada ya pili nje? Na bumu la mwisho likitoka, ninunue kamera?"

Marahaba mwanangu.

Fungua simu yako uangalie majina uliyosevu. Utakuta Fundi Bomba, Boda Mwenge, Mama Ubuyu, Dalali Sinza. Ndivyo tunavyokumbukana mjini, na filamu zetu zinaendeshwa hivyo hivyo. Prodyuza amepata kazi Alhamisi na anataka kuanza kupiga Jumatatu. Hatangazi nafasi gazetini. Anakaa na meneja wake, wanafungua simu na kuandika neno moja: kamera. Halafu taa. Halafu meki. Sauti huwa wanaikumbuka Jumapili jioni. Majina yanayotokea ndiyo yanayopigiwa. Mimi kwenye simu za watu wengi ni Mama Sauti mpaka leo, wakati nina zaidi ya miaka kumi sijashika maiki kwa malipo na mkate wangu unatoka kwenye uhariri.

Kwa hiyo baba yako kauliza swali la maana, ila mimi nalibana liwe dogo: mwaka wa kwanza baada ya chuo, watu watakusevu kwa jina gani? Usiniambie "Mwongozaji". Sijawahi kumwona mtu akitafuta neno hilo kwenye simu. Mwongozaji ndiye anayetafuta wenzake, au kaja na hadithi yake mkononi na mtu wa kuilipia. Wewe kwa sasa hadithi unazo, mtu wa kuzilipia huna. Sikukatazi kuongoza, nitafika huko.

Sasa namna ya kuchagua. Kila kazi ya filamu ina uso na kisogo. Uso ndio unaouona kwenye picha za nyuma ya pazia: mtu kavaa kofia, kanyoosha kidole, wote wanamsikiliza. Kisogo ni yale ambayo hakuna anayeyapiga picha. Ninyi wanafunzi mnachagua kwa uso. Mimi nakuomba uchague kwa kisogo, kwa sababu ndicho utakachokitazama saa nane kati ya kila saa kumi.

Nianze na sauti, kwa kuwa naijua.

Tuko nyumba moja ya Magomeni, sebuleni. Mama anamwambia binti yake siri, kwa kunong'ona. Mwongozaji kapenda mwanga wa dirishani, kila mtu yuko tayari. Wewe umevaa hedifoni na umeshika bumu. (Bumu unalolijua wewe linatoka Bodi ya Mikopo na linaisha ndani ya wiki mbili. Hili la kwetu ni fimbo ndefu yenye maiki mbele, na uzito wake unaujua dakika ya nne, mikono ikiwa juu ya kichwa na bega linawaka.) Wenzako wanasikia mnong'ono tu. Wewe unasikia friji. Unasikia feni ya chumba cha pili. Unasikia kunguru watatu kwenye mwembe, muuza kahawa anayegonganisha vikombe mtaa wa nyuma, na mtoto wa jirani anayekariri jedwali la saba. Kitenge cha mama ni kipya, wanga haujatoka, kila akigeuka kinachakacha kwenye maiki ndogo uliyomfichia kifuani. Unatakiwa kunyanyua mkono na kusema "bado", mbele ya watu ishirini wenye njaa, huku mwongozaji akikutazama kama umemtukana.

Feni inazimwa. Kunguru hawazimwi, unawasubiri. Kitenge unakilegeza, unaweka kipande cha plasta laini kati ya nguo na maiki. Friji unaichomoa. Na hapa kuna ujanja wa zamani ambao wana sauti wa nchi nyingi wanaujua: ukichomoa friji, weka funguo zako ndani yake. Hutaondoka bila funguo, kwa hiyo hutaondoka bila kuirudisha. Mimi niliambiwa haya nikiwa nimechelewa. Friji ya kwanza niliyochomoa nilisahau kuirudisha, na kesho yake nikalipa kilo nne za kibua za mwenye nyumba pamoja na maneno niliyoambiwa, ambayo yalizidi kibua.

Mkimaliza, kila mtu anataka kwenda kula. Wewe unasema hapana, nahitaji dakika moja ya sauti ya chumba. Watu wote wanaganda pale walipo, hakuna kusogea, unarekodi ukimya. Lazima mmoja apige chafya, mnaanza upya. Wanaona unajitia makuu. Lakini miezi miwili baadaye mhariri anakata neno la mama katikati, pale palipokatwa panabaki shimo, na ukimya wa kompyuta haufanani na ukimya wa Magomeni. Dakika ile ndiyo inayoziba shimo. Siku hizi kuna programu za kusafisha kelele, na nyingine ni nzuri kweli, ila ukizitegemea mno mwigizaji anasikika kama anaongelea ndani ya ndoo.

Hicho ndicho kisogo cha sauti: kusema "bado", kusubiri kunguru, kuchukiwa kidogo kila siku. Na usitegemee sifa. Mtazamaji wa kwetu akikwambia filamu ina sauti nzuri, ana maana ya nyimbo. Ila nakwambia kama mtu aliyekaa pande zote mbili za meza: kwa kazi zetu za Kiswahili, wapiga picha wazuri ni wengi na wanagombania kazi. Mtu wa sauti anayekuja na betri za akiba na kujua kusema "bado" kwa adabu, ukimpata humwachi. Kama mhadhiri wako hakusifii kwa kukufurahisha tu, hilo ni jambo kubwa.

Uhariri. Nilihamia huko kwa sababu ya watoto. Usiku wa seti na unyonyeshaji havikai pamoja. Nikakuta ni nyumba ya jirani tu. Walter Murch, Mmarekani, alipata Oscar mbili kwa filamu moja, The English Patient ya 1996: moja ya uhariri, nyingine ya sauti. Anayesikia pumzi ya mwigizaji anajua pa kukata.

Nimeanza kuhariri zama za DVD. Wewe ulikuwa mdogo, lakini hadithi utakuwa umezisikia: hadithi moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, diski mbili, ili iuzwe mara mbili. Hadithi yenyewe ilikuwa ya dakika tisini. Msambazaji anataka diski mbili zilizojaa. Unadhani zilijazwa na nini? Geti. Gari linafika, linapiga honi. Mlinzi anatoka, anafungua upande mmoja, anafungua wa pili. Gari linaingia taratibu. Mlinzi anafunga upande mmoja, anafunga wa pili. Mtu anashuka, anatembea mpaka mlangoni, anabisha. Watazamaji walilaumu waongozaji, wakatucheka mpaka leo. Mimi nilikuwa kwenye kiti, nimeambiwa nisikate chochote. Geti moja nililihesabu: sekunde hamsini na mbili. Pale ndipo nilipojifunza kwamba mhariri hana filamu yake. Ana filamu ya mtu mwenye fedha, na kazi yake ni kumshawishi huyo mtu kwa upole, na akishindwa, aache geti lifunguke.

Kisogo cha uhariri si kompyuta kugoma. Ni kupanga. Siku mbili za kwanza hukati kitu: unahamisha mafaili, unayapa majina, unalinganisha sauti na picha kwa mlio wa klapa, kile kibao kinachogonganishwa mbele ya kamera, unaandika teki ipi, yaani kila mara tukio liliporudiwa kupigwa, ina nini. Nakala tatu za kila kitu, katika aina mbili tofauti za vifaa, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, unaanza upya. Halafu kuna marekebisho. Mteja anasema "ongeza mvuto". Mvuto gani? Hajui. Unatoa toleo la nane, anarudi kusema la pili lilikuwa bora, na unatakiwa uwe nalo. Kama umesoma aya hii ukaona ni mateso, achana na uhariri. Kama umesoma ukawaza "mimi mbona nafanya hivyo tayari", basi tuko wote.

Na video za harusi usizionee aibu. Kuna wanafunzi wanaoficha kwamba wanapiga harusi, wanadhani zinawashusha. Ndoa haina teki ya pili. Shehe akishasema, kasema. Mimi nimewahi kurekodi send-off nzima, baba wa bibi harusi kasimama, katoa wosia hadi wanaume wakafuta macho, na betri ya maiki ilikuwa imekufa tangu kwenye keki. Sikuwa nasikiliza, hedifoni nilizivaa shingoni kama mkufu. Nilirudisha fedha yote na bado mama wa binti hakuniitikia salamu. Tangu siku ile sijazivua hedifoni kazi ikiendelea, na shule hiyo hakuna chuo kingenipa.

Kamera na taa hujaniuliza, nitapita haraka. Ukizitaka, nenda ukabebe nyaya kwa miezi sita. Utajifunza kwa nini umeme wetu wa hezi 50 unataka fremu 25 (picha 25 kwa sekunde) na shata ya 1/50 (muda ambao kila picha inapokea mwanga), la sivyo tyubulaiti za ofisini zinachezacheza kwenye picha, na utajifunza kukunja waya bila kuuvunja. Ushindani ni mkali na vifaa ni ghali.

Kazi nyingine ambayo huijui kama ni kazi: mtu wa mwendelezo. Anayeandika kwamba glasi ya chai ilikuwa nusu, kwamba mtandio ulikuwa bega la kushoto, kwamba mlango uliachwa wazi. Kwenye filamu moja ya siku kumi unaweza kumkosa ukapona. Kwenye tamthilia, ambako wanapiga leo tukio la kipande cha nne asubuhi na la kipande cha kumi na moja mchana, ukimkosa, mtu anaingia jikoni na hereni za dhahabu na kutokea sebuleni na za shanga. Chaneli kama Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo zinakula tamthilia kila siku ya Mungu, na chaneli inayokula kila siku inahitaji wahariri, watu wa sauti na watu wa mwendelezo kuliko inavyohitaji waongozaji wapya. Ukipata nafasi ya miezi mitatu kwenye tamthilia, hata ya deiwaka, ichukue.

Sasa kuongoza.

Kila kijana ananitajia Kanumba. Aliigiza, aliongoza, alitayarisha, alikuwa na kampuni yake, na alipofariki Aprili 2012 mji ulisimama. Kweli kabisa. Lakini aliingia mlangoni kama mwigizaji wa kundi la Kaole kwenye michezo ya televisheni. Watu walimjua kwa jambo moja kwanza, hayo mengine akayafungua kutoka ndani. Mtazame na Lupita Nyong'o. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, ikatoka 2005, yeye alikuwa kwenye seti kama msaidizi wa kutumwa huku na kule. Mwaka 2009 akaongoza filamu ya maisha halisi, In My Genes, kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Chuo cha uigizaji cha Yale kilikuja baada ya hapo, na Oscar Machi 2014. Ukimuuliza mwaka ule wa kutumwa-tumwa atakuwa nani, sidhani kama angekujibu.

Kisogo cha kuongoza kina sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali. Kikombe chekundu au cheupe? Aingie na mkoba au bila? Mvua inakuja, tukate tukio lipi? Mia mbili kwa siku, na kila moja linataka jibu sasa hivi, hata kama hujui. Ya pili ni kuomba. Nyumba ya kupigia, gari la mjomba, waigizaji wavumilie, fedha kwa mtu ambaye alikuahidi mwezi uliopita. Nawajua wenye jicho zuri kuliko yangu mara kumi walioshindwa kazi hii kwa sababu tu kuomba kunawatia homa.

Jinsi ya kuishika bila kuitegemea kwa chakula: filamu fupi moja kila mwaka, dakika kumi hazizidi, kwa fedha yako ya sauti au ya uhariri na kwa msaada wa watu uliowahi kuwasaidia. Hapo ndipo kazi ya mikono inapolipa mara mbili. Mpiga picha ambaye ulimrekodia sauti bure Machi, atakupigia picha bure Oktoba. Mwongozaji mtupu hana cha kubadilishana. Chukua kibali cha Bodi ya Filamu hata kwa kifilamu chako kidogo, sheria ya 1976 haijali kwamba wewe ni mwanafunzi, na mgambo akija unakuwa na karatasi. Na ikiwezekana vuka maji wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ukae usiku utazame za wengine na watu wa kawaida, si wana filamu watupu. Utasikia wapi wanacheka pasipochekesha.

Kuhusu kusoma nje: baadaye. Sisemi usiende. Ukienda sasa utalipia, au utalipiwa, kufundishwa mambo ambayo seti ya Kigamboni ingekufundisha kwa mwaka, na utarudi hakuna simu yenye jina lako. Fanya kazi miaka mitatu, ndipo utajua ni kitu gani hasa hukijui. Karibu na nyumbani kuna mfano ninaoupenda: warsha za One Fine Day Films, ambazo Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann walizianzisha Nairobi. Hawakuwakusanya vijana wote kuwa waongozaji. Kila mtu alikaa idara yake, sauti kwa sauti, uhariri kwa uhariri, na kazi ikamalizikia kwenye filamu nzima ya kweli. Nairobi Half Life ya 2012 ilitoka huko, na ikawa ya kwanza Kenya kuipeleka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu za lugha za kigeni. Ukisikia nafasi ya namna hiyo, acha harusi ya wiki hiyo.

Nikuamulie? Kwa maneno uliyoniandikia, nakuona mtu wa sauti anayehariri. Lakini usinichukulie neno, jipime. Bado una filamu za mwisho za darasa lenu. Omba nafasi nne kwa wenzako, moja moja: moja ushike bumu, moja uhariri, moja ukae na daftari la mwendelezo, moja uwe msaidizi wa mwongozaji. Kila jioni andika saa ngapi ulianza kutamani kwenda nyumbani. Hilo tu. Mimi kwenye kamera nilikuwa natamani saa nne asubuhi. Kwenye sauti nilikuwa nashtuka giza limeingia.

Mwambie baba kwamba utakuwa fundi wa sauti na uhariri wa filamu. Ni jibu la kweli na wazazi wanalielewa, neno fundi linawatuliza. Mwambie pia utakuwa unaandikiana mkataba, hata ukurasa mmoja, nusu ya malipo kabla ya kuanza. Mtayarishaji mmoja bado ana deni langu la tamthilia nzima. Alinikumbatia msibani mwaka jana kama ndugu na hakuligusia. Tangu yeye, mteja anatazama nakala yenye jina langu katikati ya picha mpaka ya mwisho ilipwe.

Kamera usinunue. Itapitwa kabla hujamaliza kukata tepe ya boksi lake, na darasa lenu lina wenye kamera kumi na wawili wanaotafutana. Nunua hedifoni za kuziba masikio, za waya, si zile ndogo za kuchomeka. Nunua diski mbili za nje zinazolingana, usinunue moja kubwa. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri, ina toleo la bure, linakutosha kwa sasa. Kitakachobaki nunua betri za kuchaji na chaja yake, na mkoba wenye zipu ya uhakika. Halafu niandikie tarehe zenu za kupiga, nina maiki mbili za kifuani hazina kazi, nitakuazima. Plasta utajinunulia mwenyewe.